Samaki Niliowafuta

Mama yetu hakujua kusoma, lakini samaki wa ukutani aliwasoma vizuri kuliko sisi.

Walikuwa samaki wadogo wa buluu, kila mmoja na urefu wa kiganja. Walichorwa kwenye ukuta wa fundi cherehani, ng'ambo ya kichochoro, mkabala na dirisha la Mama. Kichochoro chetu kiko bondeni. Upande mmoja kuna mtaro mkubwa wa maji. Upande wa pili kuna vidato vya saruji vinavyopanda hadi barabarani. Vidato ni arobaini na kimoja. Mama alivijua vyote kwa magoti yake, maana magoti yake yalikuwa mabovu.

Sisi ni familia ya mabango. Baba alikuwa mchora mabango. Alipofariki alituachia brashi zake, ngazi ya mbao na jina zuri. Mimi ndiye mkubwa. Kazi yangu ni herufi na mistari, na watu huniita Dada Rula. Mdogo wangu wa kiume kazi yake ni picha. Yeye wanamwita Brashi.

Asubuhi zetu zilifanana. Mimi nilichuja rangi kwa soksi kuukuu. Brashi alikunywa chai huku akiutazama ukuta mtupu kana kwamba kuna sinema. Mama alikaa kitandani, kando ya dirisha, akitusimamia.

"Hiyo rangi ni nzito," alisema.

"Mama, hata hujaigusa."

"Naisikia unavyoikoroga. Inalia kama uji."

Nikaangalia ndani ya kopo. Kweli, ilikuwa nzito.

Samaki walianzishwa na Baba. Maji ya mtaro yakijaa na kuingia kichochoroni, yakishakauka huacha mstari wa tope ukutani. Mwaka wa kwanza yalipoingia, watu walitoka na ndoo kusafisha kuta zao. Baba akasema, "Ngojeni kidogo." Akachora samaki, tumbo lake likigusa ule mstari. Chini yake akaandika mwaka. Kisha akamshika Mama mkono, akamvusha kichochoro. Mama akachovya njiti ya kiberiti kwenye rangi nyeusi, akatia jicho.

"Samaki asiye na jicho atayaonaje maji?" alisema.

Ikawa desturi ya nyumba yetu. Maji yakija, tunachora samaki. Jicho ni la Mama. Baba alipoondoka, Brashi akaendelea.

Walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa kwenye kifundo cha mguu. Wa pili, miaka kadhaa baadaye, katikati ya muundi. Wa tatu alifika gotini.

"Samaki wenu wanapanda," fundi cherehani alitutania. "Wakifika kiunoni nitawashonea suruali."

Tulicheka. Hakuna aliyeuliza kwa nini wanapanda. Najuta hilo nalo, ingawa si kubwa kuliko yote.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Alitusomea kama mtu anayesoma tangazo.

"Samaki wa kwanza akinywa maji, naweka vitu vyangu juu ya meza. Samaki wa pili akinywa, namwita fundi anishike mkono, natoka. Wa tatu simsubiri. Huyo namwachia ukuta."

Mara mbili maji yalipokuja aliwatazama samaki waliokuwepo, akatoka mapema. Mara mbili alikaa juu barabarani, kwenye kibanda cha muuza magazeti, amejifunika kanga, akingojea maji yashuke. Alirudi akilalamika kwamba kiti cha muuza magazeti kina misumari. Alirudi mzima.

*

Mwaka ule, wiki chache kabla ya mvua, alikuja wakala wa kampuni ya sabuni. Alitaka kuta zote za kichochoro zipakwe rangi ya njano, na kila ukuta uchorwe ndoo kubwa yenye povu. Wenye nyumba walikubali haraka. Nani anakataa nyumba yake kupakwa rangi bure?

Kwangu ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tangu Baba afariki. Brashi hakuwepo. Alikuwa mji mwingine kwa mwezi mzima, akichora ramani kwenye kuta za shule. Nikasema nitaifanya peke yangu, na nitaifanya vizuri.

Tulipofika kwenye ukuta wa fundi cherehani, wakala alinyoosha kidole.

"Hivi vidudu vitoke."

"Ni samaki," nikasema.

"Dada, sabuni inaondoa uchafu. Siwezi kuweka ndoo ya sabuni juu ya samaki wa tope. Nitachekwa hadi makao makuu."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwomba aniachie kipande cha chini, upana wa mikono miwili tu. Kipande hicho nimekiona akilini mara nyingi sana tangu siku ile.

Nilichukua msasa, nikakwangua.

Wasiojua kazi yetu wanadhani kufuta picha ni rahisi, unapaka rangi mpya juu yake na umemaliza. Sivyo. Buluu ya mafuta ikifunikwa na njano hujitokeza tena baada ya wiki mbili, kama jeraha chini ya ngozi. Mchoraji mzembe huaibika hivyo. Mimi si mzembe. Nilipaka praima, ile rangi nyeupe ya msingi, nikaacha ikauke, nikapaka ya pili. Ndipo nikaweka njano. Nilirudi nyuma hatua tano, nikainamisha kichwa kulia na kushoto. Halikuonekana hata pezi moja. Nilijivuna.

Mama alikuwa dirishani.

"Mwanangu, umewafuta?"

"Kwa muda tu, Mama. Kazi ikiisha nitawachora upya. Wazuri zaidi."

"Utakumbuka walipokuwa?"

"Mama! Mimi ni fundi."

Sikuwa nimepima. Mimi, Dada Rula, sikuweka hata alama ya penseli.

Brashi alirudi Jumapili jioni. Alisimama katikati ya kichochoro, begi bado begani.

"Samaki wako wapi?"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo. Samaki wako wapi?"

"Wapo chini ya rangi. Jumamosi nitawarudisha."

"Kwa nini Jumamosi? Kwa nini si kesho?"

"Kesho kuna kazi. Sisi wengine tunafanya kazi, hatuchori ramani kwa wiki nne."

Uso wake ulibadilika. "Haya. Wewe ndiye uliyewafuta, wewe ndiye utakayewarudisha. Mimi brashi yangu haigusi ukuta huo."

"Sawa, msanii."

Nililisema neno hilo kwa sauti ile ambayo mtu humwambia mwenzake kuwa ni mvivu. Mama alitusikia wote wawili.

"Mnagombana, na mimi ndiye nimepofushwa," alisema. Akafunga dirisha.

Jumamosi ilifika. Nilipata kazi ya geti la mtu. Nikasema, Jumamosi ijayo.

*

Jumatano redio ilitangaza: "Mvua kubwa inatarajiwa kesho. Milimita tisini au zaidi."

Mama aliinua kichwa. "Milimita tisini ni kiasi gani? Inafika gotini?"

Brashi alikuwa hasemi nami, kwa hiyo swali lilinijia mimi. Nilichukua rula yangu mezani. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Hapa, Mama. Tisini ni hapa. Hata kifundo cha mguu ni shida kufika."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Basi hawa wa redio wanapenda kutisha watu," alisema, akacheka.

Alhamisi mvua ilianza alfajiri. Sisi tulikwenda upande wa pili wa mji. Tulikuwa tunaandika kibao cha zahanati, ndani ya ukumbi, chini ya bati. Mvua iligonga bati hata tusisikizane, na hilo lilitufaa, maana hatukuwa na la kusemezana. Saa nane mchana simu ya Brashi ililia. Alikuwa fundi cherehani. Brashi alisikiliza. Brashi ya rangi ikamponyoka, ikachora mstari mwekundu kwenye suruali yake.

Yaliyotokea fundi alitusimulia baadaye. Alisimulia mara moja tu.

"Maji yaliingia taratibu. Mama alifungua dirisha, akaniita: 'Fundi, yamefika wapi?' Nikatazama ukuta. Ukuta ni njano, na ndoo. Ukuta hauniambii kitu. Nikamwambia, 'Bado kidogo, Mama.' Baadaye akaita tena. 'Fundi, sasa je?' Nikamwambia, 'Bado nadhani.' Akasema, 'Mimi siwaoni samaki. Nitajuaje?' Nikamwambia, 'Subiri, napandisha cherehani kwanza, nakuja kukushika mkono.' Nilipanda vile vidato. Cherehani ni nzito, mnajua. Huku nyuma ukingo wa mtaro ukabomoka. Niliporudi, maji yalikuwa yamefika tumboni mwangu. Nikavuta mlango. Mlango wenu unafunguka kwa nje. Maji yameushikilia. Nikavuta, nikavuta. Watu walikuja, tukavunja nondo za dirisha."

Aliigusa cherehani yake. Kisha akasema, "Nilianza na cherehani."

Hakuna aliyemlaumu. Nani angemlaumu? Mimi ndiye niliyepaka praima mara mbili.

Tulimzika Jumamosi. Ndiyo Jumamosi niliyokuwa nimeahidi.

*

Baada ya hapo mimi na Brashi tuliishi kama wapangaji wawili. Alikula nje. Niliosha chumba cha Mama peke yangu. Ndani, juu ya kitanda, tope lilikuwa limeacha mstari. Nilisimama karibu nao. Ulinifika begani. Sikuuosha mstari huo.

Wiki ya tatu alikuja mwanamke mmoja aliyevaa viatu vya mpira, na fimbo ndefu yenye namba mkononi. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya hali ya hewa. Alikwenda ukuta kwa ukuta akipima mistari ya tope na kuandika kwenye daftari. Fundi cherehani alimwita Mama Vipimo hata kabla hajajua jina lake.

"Mama Vipimo, unatushonea nini?" aliuliza. Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu msiba.

"Ningeweza, ningewashonea mwavuli," alijibu. "Nyinyi wenyeji, nani anakumbuka maji ya miaka ya nyuma yalifika wapi?"

Fundi aliutazama ukuta wake. Akanitazama. Nikamwambia yule mwanamke kila kitu. Samaki, mwaka wa kila mmoja, jicho, sabuni, praima. Nilimwambia hata rula. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuwa ndugu.

Hakuniambia kwamba si kosa langu. Namshukuru kwa hilo. Aliketi kwenye kidato cha chini, akaomba ile rula.

"Rula yako haikudanganya," alisema. "Milimita tisini ni hapa kweli. Lakini hicho ni kiasi kinachoanguka mahali pamoja tu. Tuseme umeweka sufuria nje. Maji ndani ya sufuria yatafika hapa. Sasa hesabu kila paa, kila barabara, kila kilima huko juu. Kila mahali imeanguka milimita tisini. Yote yanateremka. Yanateremkia wapi?"

"Kwetu," nikasema.

"Kwenu. Nyinyi mko chini ya faneli. Sisi ofisini tunajua mvua itakayoanguka. Hatujui itafika wapi kwenye mlango wa mtu. Tunasema milimita, na mtu anasikia milimita. Kosa hilo ni letu pia. Mama yenu aliuliza swali sahihi: inafika gotini? Hatukuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwenye ukuta huu."

Fundi akauliza, "Lakini kwa nini samaki walikuwa wanapanda? Zamani maji yalikuwa yanafika kifundoni, basi."

"Sababu ni nyingi. Huko vilimani miti imekatwa, pamejengwa, maji hayana pa kunywewa. Mtaro wenu umejaa takataka. Lakini ipo kubwa zaidi. Dunia imepata joto. Moshi wa magari, wa viwanda, wa mitambo ya umeme, miaka mingi, umetanda angani kama blanketi. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Zamani wingu lilikuwa kikombe, sasa limekuwa jagi. Likimwaga, linamwaga kwa mkupuo. Halafu mahali pengine linakaa miezi bila kumwaga tone."

"Kwa hiyo moshi wa magari ya watu wengine ndio unaolowesha vitambaa vyangu?"

"Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Waliochafua sana wengi wao hawakai bondeni."

"Na mimi sina hata baiskeli!"

"Ndiyo maana inauma," alisema.

Nikamuuliza swali lililokuwa likinila. "Tukichora samaki upya, mvua itapungua?"

"Hapana. Picha haizuii mvua. Anayeweza kuipunguza ni binadamu wote, wakipunguza moshi, na itachukua miaka. Lakini hapa mtaani mtu hufa kwa sababu hakujua aondoke saa ngapi. Hilo picha inaweza kulizuia. Tena picha nzuri watu huizungumzia. Wakiizungumzia, wataanza kuuliza juu ya mtaro, juu ya miti, juu ya moshi. Mimi nimebandika matangazo ya karatasi mtaa huu miaka sita. Kuna mtu aliyewahi kuyasoma?"

"Mimi nilifungia vifungo," fundi alisema kwa aibu.

"Unaona. Na hao samaki, nani hawajui?"

Nyuma yetu sauti ikasema, "Wote tulikuwa tunawajua."

Alikuwa Brashi, amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini.

"Utakumbuka walipokuwa?" aliniuliza. Maneno yale yale ya Mama. Hakujua ni ya Mama. Hakuwepo siku ile.

"Sikupima," nikasema.

Aliugusa ule ukuta wa njano. Kisha akaingia ndani, akatoka na msasa na ndoo ya maji. Vipande viwili vya msasa.

*

Kukwangua kazi ya mtu mwingine ni karaha. Kukwangua kazi yako ni adhabu. Praima yangu ilikuwa nzuri sana. Tulilowesha ukuta, tukasugua polepole. Ilitoka njano, ikaja nyeupe. Ikaja nyeupe nyingine. Vidole vyangu vilichubuka. Siku ya kwanza hatukupata kitu.

"Ulipaka ngapi?" Brashi aliuliza.

"Mbili."

"Mbili! Ulikuwa unaziba tanki?"

Alicheka kidogo, halafu akalia. Niliendelea kusugua, maana sikujua la kufanya zaidi ya kusugua.

"Ningeweza kuwachora siku ile niliyorudi," alisema. "Nilikuwa na brashi begini. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Nilitaka wewe uone aibu kwanza."

"Niliiona."

"Haikutusaidia."

"Haikutusaidia," nikakubali.

Siku ya pili, karibu na saa sita, kilitokea kivuli cha buluu. Halafu nukta nyeusi. Lilikuwa jicho. Jicho alilolitia Mama kwa njiti. Lilikuwa limebaki, kwa sababu aliweka rangi nyingi kupita kiasi, na kila mwaka tulimkemea kwa hilo. Tuliwapata wote watatu kwa macho yao. Miili niliikwangua mwenyewe siku ile ya sabuni. Macho yalikuwa yameshika.

Mama Vipimo alipima kila jicho kwa fimbo yake, akaandika.

"Haya ni maandishi ya miaka kumi na tisa," alisema. "Ofisi yetu haina kitu kama hiki."

Kisha ikaja kazi yangu. Kichochoro chetu kinateremka. Maji yakiwa kifundoni kwa fundi cherehani, chini kule kwa muuza mkaa yako kiunoni. Samaki mmoja kwenye ukuta mmoja hamtoshi muuza mkaa. Kwa hiyo tulitumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule ambao waashi huujaza maji kupata usawa. Mimi nilishika ncha moja chini kidogo ya jicho la samaki, pale lilipokuwa tumbo lake. Brashi alikwenda na ncha nyingine nyumba kwa nyumba. Maji kwenye mpira yakitulia, aliweka alama. Hapo ndipo maji yatakapofika kwake, siku yanapofika hapa.

Muuza mkaa alitoka, akaona alama ya samaki wa pili ikipita juu ya kitovu chake.

"Hii mmekosea," alisema.

"Maji ya mpira hayakosei usawa," nikamwambia.

Akajipima tena. "Kumbe mimi natakiwa kutoka kabla ya nyinyi wote!"

"Ndiyo. Wewe usingoje hata samaki wa kwanza aloe."

"Miaka yote nawasubiri nyinyi mtoke, ndipo nitoke!"

Tulipiga mistari mitatu kwa uzi wa chaki, kichochoro kizima. Wa kwanza kijani, wa pili rangi ya chungwa, wa tatu nyekundu. Juu ya kila mstari Brashi alichora. Kwenye kijani, mikono inapandisha vitu juu ya meza na kuzima umeme. Kwenye chungwa, watu wanatoka. Wa mbele kabisa ni mwanamke mzee mwenye fimbo, ameshikwa mkono na mwanamume mwenye futi ya fundi shingoni. Mkono wa pili wa mwanamume huyo ni mtupu. Hakubeba cherehani. Fundi aliitazama picha ile, akaingia dukani kwake, akafunga mlango hadi jioni.

Kwenye nyekundu hakuna watu. Ni maji tu na milango iliyofungwa. Mama Vipimo alieleza kila aliyeuliza: maji yanayotembea yakifika gotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mlango unaofunguka kwa nje haufunguki tena. Wenye nyumba watano walibadilisha bawaba zao wiki hiyo. Sisi tulikuwa wa kwanza.

Hatukuandika neno hata moja. Mimi, mtu wa herufi, sikuandika neno hata moja.

Wakala wa sabuni alirudi kukagua. Alikunja uso.

"Ndoo yangu mmeikata chini!"

Muuza mkaa akamwambia, "Ndoo yako ibaki juu. Chini ni pa samaki. Ukitaka ugomvi, mtaa mzima upo."

Alitazama mtaa mzima. Akauliza tu kama tunaweza kuongeza povu kidogo.

Alibaki samaki mmoja wa kuchorwa. Wa nne. Nilipima bega langu kwenye mstari wa tope chumbani kwa Mama, nikauhamishia kwenye ukuta wa fundi kwa mpira. Nilimchora mimi, ingawa picha si kazi yangu. Mapezi yake hayalingani. Nilimwacha bila jicho.

*

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja mapema. Asubuhi moja simu ya fundi cherehani ililia. Alikuwa Mama Vipimo. Hakutaja milimita.

"Waambie watu wako, leo wajiandae kwa samaki wa pili."

Fundi alizunguka kichochoro akigonga kila mlango kwa mkasi. Muuza mkaa alitoka mapema. Samaki wa kwanza aliloa kabla ya saa nne. Vitu vilipanda juu ya meza. Maji yalipogusa tumbo la samaki wa pili, tulikuwa tayari kwenye vidato. Wazee wawili na mama mjamzito walitangulia, kila mmoja ameshikwa mkono. Fundi alimshika bibi wa nyumba ya mwisho. Cherehani aliiacha.

Tulikaa juu barabarani. Maji yalifika gotini, yakapita, yakasimama juu kidogo ya samaki wa tatu. Muuza magazeti alitoa viti vyake. Ni kweli, vina misumari.

Jioni tulihesabiana. Tulikuwa wote.

Cherehani ililoa. Fundi aliifungua vipande vipande, akaipaka mafuta, akaitukana, ikafanya kazi.

Tope lilipokauka Brashi alimchora samaki wa mwaka ule. Bibi wa nyumba ya mwisho alitia jicho. Brashi alifunga kopo la buluu. Akatazama juu, kwenye samaki wa nne, usawa wa bega langu.

"Dada," alisema, "samaki wa Mama hana jicho."

"Najua."

"Utalitia lini?"

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni mwangu. Lilikuwa jina la siku: Jumamosi. Nilihisi herufi zake zote.

Nikalimeza. Nikamwambia, "Nipe kiberiti."

Nilichovya njiti kwenye rangi nyeusi. Nilichukua nyingi kupita kiasi. Iliteremka kidogo chini ya jicho, mstari mwembamba. Rula ilikuwa mfukoni na kitambaa kilikuwa begani. Sikuufuta.